Aliyekaa Kwenye Benchi Letu: Tunamuaga Mama Imani

Tarehe 30 Juni mwaka huu muuguzi wetu Yunis Melkizedek, ambaye hapa kituoni hakuna anayemwita hivyo kwa sababu wote tumezoea Mama Imani, anafunga miaka thelathini na mitano ya utumishi na kustaafu. Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa hii, wagonjwa wa asubuhi wakishapungua, kwenye turubai nyuma ya wodi ya wazazi. Mganga Mfawidhi wetu, Dkt. Beda, aliniomba niandike wasifu wake ili uchapwe kwenye ratiba. Nilimwambia wapo waliosoma kunizidi. Akasema aliyefanya naye kazi chumba kimoja ndiye anayemjua, na kidato cha pili kinatosha kumweleza mtu unayempenda.

Basi nimekubali. Lakini mjue tangu mwanzo kwamba ninaandika roho ikiwa juu. Leo ni Jumatano, na mwenye sherehe hayupo. Ameondoka asubuhi kwa bodaboda kwenda milimani Vidunda kumtafuta mama mmoja, mgonjwa wetu, ambaye muda huu alipaswa kuwa Morogoro. Jina lake silitaji, si langu kulitaja. Madaktari bingwa wa saratani wako hospitali ya rufaa wiki hii tu, Ijumaa wanaondoka, na hatujui watarudi lini. Mama huyo alifika hapa jana, akakaa kwenye benchi letu, kisha akainuka akaenda zake. Nitaeleza aliinuka kwa sababu gani. Ukilielewa hilo, umemwelewa Mama Imani.

Alizaliwa mwaka 1965 hukohuko Vidunda, kwenye nyumba ya wakulima wa mlimani, watu wa kanisa la Anglikana. Mabinti walikuwa wawili. Mkubwa, Elizabeti, aliishia darasa la tatu akabaki nyumbani kulima na kubeba wadogo. Yunis aliendelea na shule. Mama Imani husema yeye alikwenda darasani kwa miguu ya dada yake, maana kila asubuhi aliyeteka maji ya nyumba nzima ni Elizabeti, ili mdogo asichelewe kengele.

Kazi alianza kama mhudumu wa wodi, yaani kazi hii ninayofanya mimi sasa: ndoo, fagio, jiki, na kuwashika mikono akina mama uchungu ukikaza. Baadaye alikwenda chuo, akarudi muuguzi mkunga. Alipangiwa Rudewa kwanza, kisha Kilosa mjini, kisha hapa kwetu Mikumi, na hapa hakuondoka tena.

Rudewa wanamkumbuka hadi leo. Alizalisha mama mmoja juu ya trela la trekta, mvua inanyesha, mashamba ya zamani ya mkonge yamejaa maji pande zote, na dereva wa trekta ndiye aliyeshika mwavuli huku ameugeuzia uso mlima. Mtoto akaitwa Yunis. Baada yake wakafuata akina Yunis wengine wengi. Mfugaji mmoja aliyejaliwa watoto wa kiume watupu aliona asipitwe, akampa jina hilo ndama. Mama Imani anasema katika wajina wake wote, yule ndama ndiye aliyekuwa na adabu.

Halafu kuna habari ya basi, ambayo mtaisikia tena Ijumaa kwa sababu hakuna sherehe ya kituo iliyowahi kupita bila kusimuliwa. Alikuwa anakwenda semina Morogoro. Ndani ya hifadhi ya Mikumi basi likakwama nyuma ya lori lililokuwa limelala barabarani. Kushuka hairuhusiwi, na pembeni tembo walikuwa wanakula taratibu kama watu wasio na ratiba. Mama Imani alisimama katikati ya viti, akaamkia wakubwa, akaanza somo la saratani ya mlango wa kizazi. Kila kitu alikitaja kwa jina lake. Konda alimfuata akamnong'oneza amwonee huruma, mama mkwe wake amekaa kiti cha mbele. Mama Imani akamjibu kwamba hiyo ndiyo heri, kwani mama mkwe naye si anao. Hakukuwa na pa kukimbilia, nje tembo, ndani Mama Imani. Siku chache baadaye wanawake kadhaa walikuja kituoni wakisema wanamtaka yule mama wa kwenye basi, na mama mkwe wa konda alikuwemo.

Sisi tulicheka. Yeye alicheka pia. Ila baadaye aliniambia aliwatazama waliokuja: mwalimu, karani wa mahakama, mwenye duka la dawa, na huyo mama mkwe ambaye ni mwalimu mstaafu. Kwenye basi lile walikuwemo pia wanawake waliokuwa na vifurushi vya mahindi mapajani. Hao hakumwona hata mmoja.

Hapa niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa ajili ya wageni watakaosoma ratiba hii. Kipimo ni chepesi. Muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kwa taa. Penye mabadiliko panageuka peupe. Pakiwa padogo, anatibiwa siku hiyohiyo na jioni anapika ugali wake. Pakiwa pakubwa, anaandikiwa rufaa. Akichelewa zaidi ya hapo, yanayofuata sitaki kuyaandika kwenye karatasi ya sherehe, wengi wetu tumeyasafisha na kuyafunika.

Kwenye semina walifundishwa kwamba sehemu nyingi duniani waliosoma kidogo hufa kwa saratani zaidi ya waliosoma sana. Mama Imani alirudi akasema hilo angeweza kuwaambia yeye kabla hawajawasha mashine yao ya picha ukutani. Ugonjwa haumwombi mtu cheti. Mwalimu Happiness wa Mabwerebwere, ambaye husimulia habari zake mwenyewe kwenye vikao vya wazazi, alikutwa na mabadiliko yaleyale wanayokutwa nayo wanawake wa mlimani. Ila yeye aliisikia habari ya kipimo redioni akaelewa wanasema nini. Alipokuja akajibiwa kwa haraka, hakuridhika, akarudi kesho yake kuuliza tena, na hakuona aibu kuuliza mara ya pili. Alitibiwa, akarudi darasani kabla wanafunzi hawajazoea kupiga kelele. Leo mzima, na sauti yake mnaijua.

Elizabeti hakurudi mara ya pili.

Haya Mama Imani huyasimulia mwenyewe kwa kila mfanyakazi mpya, ndiyo maana nayaandika. Dada yake alitokwa na damu isiyo ya siku zake kwa muda mrefu. Alitafuta mizizi, akaombewa, akanyamaza. Hakumwambia mdogo wake muuguzi. Alikuwa amezoea kwamba yeye ndiye anayembeba mdogo, na hakutaka mambo yageuke uzeeni. Alipoteremshwa mlimani akiwa kwenye machela, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Walimzika mwaka 2014. Msibani, binti wa Elizabeti alimwambia Mama Imani jambo ambalo hakulijua. Mama yake alishawahi kuja kituoni, peke yake, kwa miguu. Alikaa kwenye benchi. Siku hiyo Mama Imani alikuwa ndani anazalisha. Elizabeti aliinuka zamu yake haijafika, akapanda mlima, na hakusema ni kwa sababu gani.

Wengine wangelia na kumaliza. Mama Imani alilia, na aliporudi kazini jambo la kwanza alilofanya ni kuvua sare. Alijifunga kanga, akajitanda nyingine kichwani, akakaa kwenye benchi la wagonjwa pamoja na foleni. Mganga mfawidhi wa wakati ule alidhani msiba umemchanganya, akatuma mtu ampelekee maji ya kunywa. Aliyakataa. Alisema anangoja zamu yake.

Alikaa asubuhi nzima kusikia benchi linavyosikia. Mapokezini waliuliza kwa sauti ya kawaida ya kazi, nayo ni sauti kubwa, maana kuna watoto wanalia. Jina? Unatoka wapi? Umri? Umesoma mpaka darasa la ngapi? Kila aliyekuwa kwenye foleni alisikia swali na alisikia jibu. Mwanamke mmoja alijibu la saba huku anatazama vidole vya miguu yake, na Mama Imani alicheza naye utotoni, anajua hakukanyaga darasa. Wawili waliokuwa nyuma yake waliinuka kama wanaokwenda chooni. Hawakurudi. Mama Imani aliinuka naye, akamkuta mmoja bombani ananawa uso usio na vumbi. Akamwamkia, akamuuliza kwa lugha ya nyumbani. Yule mama akamwambia: "Bora niumwe kimya kuliko nitangazwe."

Siku hiyo Mama Imani alijua dada yake aliinuka kwenye sentensi gani.

Alikwenda ofisini. Mganga akamwambia fomu ni ya serikali na kila sehemu lazima ijazwe. Mama Imani hakubisha, na hapa ndipo nampendea. Alisema swali ni la lazima kabisa, maana msipouliza mtajuaje ni akina nani wanaokufa zaidi. Aliomba tu lihamishwe mahali. Liulizwe ndani, nyuma ya pazia, kipimo kikishaisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani, na aulizwe kila mtu, mwalimu na mkulima. Ilichukua vikao. Alikuwa anakaa kwenye kila kikao bila kuvua koti, kama mtu anayesema nikijibiwa naondoka. Mwishowe walikubali.

Na tarehe za kurudi aliacha kuzitaja kwa namba kwa asiyezihitaji. Alisema rudi gulio la pili baada ya hili, nao walirudi gulio la pili. Kwa wafugaji wa huku kwetu hakuanza na wanawake. Alianza na wazee, akaamkia, akanywa maziwa aliyopewa mpaka tone la mwisho ingawa tumbo lake na maziwa hawapatani, na safari ya tatu wazee wenyewe ndio waliowaambia wake zao waende. Benchi letu likaanza kushika watu. Wanawake wa mlimani walianza kuja wakiwa bado na nguvu ya kutania.

Nimekaa naye chumba kimoja tangu nilipoajiriwa. Nilipokuwa mjamzito alinipiga kofi la mkono kila nilipoinua ndoo iliyojaa. Akiona nimechoka huniambia nilale kwenye kitanda cha uchunguzi kidogo, yeye atasimama mlangoni aseme chumba kinapigwa dawa. Ni mkali pia. Ukimjibu mgonjwa vibaya hakusemi mbele ya watu. Anakungoja mkiwa wawili, anakumiminia chai ya chupa yake, halafu anakusema mpaka chai inapoa.

Sasa nirudi kwa mama wa Vidunda.

Mwezi Mei tulipanda huko kupima akina mama. Mama huyu ni mtu wa heshima katika jumuiya ya kanisa lake, yeye ndiye husimama mbele na kitabu cha sala akaongoza. Alikuja wa mwisho, wengine wote wakishatoka. Siki ilipopakwa, pakawa peupe pakubwa. Mama Imani alimfunika miguu kwanza, ndipo akamweleza. Dkt. Beda aliandika rufaa. Ikachukua wiki kumshawishi yeye, na wiki nyingine kumshawishi mume. Wiki ya tatu tukasikia kuhusu madaktari bingwa. Tukakubaliana Jumanne ashuke, apite mapokezi, apande gari la kituo. Mama Imani alikuwa ameshaanza likizo yake ya mwisho, lakini alisema angekuja saa ya gari kuondoka, amsindikize.

Kwa upande wetu kulikuwa na mgeni. Tangu mwanzoni mwa Juni mapokezi yetu yanatumia kompyuta, na aliyekaa pale ni dada yetu Aneth, mpya, mchapakazi, ambaye ameniruhusu nimtaje. Mashine hiyo haikubali kusonga mbele mpaka sehemu ya elimu ijazwe. Aneth alifundishwa hivyo na ndivyo alivyofanya. Hakuna aliyemwambia habari ya Elizabeti, kwa sababu mwenye kuisimulia alikuwa likizo.

Jana nilikuwa nadeki korido. Nilimsikia Aneth akiuliza, kwa adabu kabisa, mama umesoma mpaka darasa la ngapi. Sikusikia jibu. Nilipoinua macho yule mama alikuwa anawatazama wanawake wawili wa jumuiya yake, waliokuwa wameshuka naye kuja kupima, wamekaa pembeni yake kwenye benchi. Akasema kuna kitu amesahau nje. Nilimwona mgongo. Niliacha ndoo nikamfuata, lakini pikipiki ilikuwa imeshaondoka naye njia ya Kidodi.

Nilimpigia Mama Imani. Alikuwa bado nyumbani anapepeta mahindi. Hakuniuliza maswali. Alisema, "Wameliuliza kwenye benchi?" Nikasema ndiyo. Akasema alfajiri anapanda.

Leo alfajiri ameondoka na Samweli wa bodaboda. Wote mnajua Mama Imani na pikipiki. Anaogopa kuliko nyoka, humshika dereva mabega kwa mikono miwili na kuimba nyimbo za kanisani mpaka anapofika. Magoti yake si mazima. Vidunda si karibu, na kule juu simu haishiki. Tangu mchana tunapiga, haipatikani. Aneth hajala. Dkt. Beda amekwenda getini mara nyingi akijifanya anaangalia kama mchele wa sherehe umeletwa. Wapishi wameanza kuchambua mchele huo na hakuna anayeimba. Mimi naandika mtoto ananyonya, na kila pikipiki ikipita wote wawili tunashtuka.

Kwa kuwa mmenipa karatasi, niseme. Mama Imani anaondoka, na tumeona jana kitu alichokijenga kwa miaka kumi kimebomoka asubuhi moja bila mtu yeyote kuwa mbaya. Aneth si mbaya, mashine si mbaya. Tulidhani ile ni tabia yake, kama chupa yake ya chai, akiondoka anaondoka nayo. Hapana. Ile ilikuwa dawa, kama dawa nyingine zilizoko kabatini. Mama wa watu anaweza kufa kwa sababu ya mahali tulipoweka meza. Sitaki tupige vigelegele Ijumaa tukiwa hatujalisema hilo.

Leo Alhamisi. Naendelea.

Asubuhi kabla ya foleni, Aneth na mlinzi wetu Lucas walibeba meza ya mapokezi, kompyuta na nyaya zake, wakaingiza kwenye kile chumba kidogo tulichokuwa tunawekea vyandarua. Hakumwomba mtu ruhusa. Dkt. Beda alipofika akakuta korido ina benchi tu. Akatazama, akaenda kutafuta pazia.

Kwenye benchi alikuwepo Bibiana, mmoja wa wale wanawake wawili wa jumuiya, naye kaniruhusu nimtaje. Alikuwa amelala kwa mwanawe hapa Mikumi, akaambiwa arudi leo kwa matibabu madogo, maana Jumanne gesi ya kutibia ilikuwa imekwisha. Tulimpa chai. Naye alikuwa anatazama getini.

Jua lilikuwa limepanda walipoingia. Walikuja mshikaki, Samweli mbele, yule mama katikati, Mama Imani nyuma amefumba macho. Alishuka kwa kushikwa. Samweli alisema mlima wote wameushuka kwa nyimbo, na zilipokwisha Mama Imani alianza upya.

Yaliyotokea juu alinieleza kwa kifupi wakati namsugua magoti. Alimkuta yule mama shambani anavuna maharage. Hakumwambia habari ya hospitali. Aliinama naye wakavuna mpaka jua likazama, akala kwao, na baada ya kula akamsimulia habari ya Elizabeti na benchi. Asubuhi Mama Imani alipoamka, yule mama alikuwa ameshajifunga kanga ya safari.

Yule mama alipofika koridoni, Aneth alitoka kwenye chumba cha vyandarua, akapiga goti, akamwamkia, akamwomba aingie ndani wazungumze huko. Sasa kulikuwa na pazia, kila kitu kilikuwa tayari. Yule mama akasema hapana. Alibaki amesimama mbele ya benchi, foleni yote inamtazama, mikono ameikunja kama anavyosimama kanisani.

Akasema: "Mimi sikusoma, hata darasa moja. Sala ninazoongoza nimezishika kichwani. Kitabu nakifungua tu mnione. Sasa niambieni gari liko wapi."

Mimi nilimtazama Bibiana, kwa sababu jana kutwa nilijiuliza ni kwa nini macho ya yule mama yalikwenda kwake. Bibiana alikuwa ameshikilia kikombe cha chai kwa mikono miwili. Akakiweka chini taratibu.

"Mama Evance," akasema, "tunajua siku zote. Kitabu huwa unakishika juu chini."

Mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, benchi zima likafuata, na kicheko chake kilipogeuka kilio hakuna aliyeona tofauti mpaka Bibiana aliposimama akamshika. Alimchukulia kikapu chake. Akamwambia wamekuwa wakisali Jumapili baada ya Jumapili kwa kichwa chake hichohicho, nani kamwambia Mungu anataka kurasa, na kwamba Morogoro wanakwenda wote, matibabu yake mwenyewe yatangoja.

Wameondoka na gari la kituo saa hiyohiyo. Mama Imani amekwenda nao. Nilimkumbusha sherehe ni kesho. Akaniuliza kama nyama imeshanunuliwa, nikasema ndiyo, akasema basi sherehe ipo.

Kabla gari halijaondoka nilikwenda dirishani nikamuuliza yule mama kama naweza kuandika habari hii. Alifikiri. Akasema ameshasema mbele ya benchi zima, karatasi itamfanya nini, ila nisiandike "mama mmoja", niandike jina kama wanavyoandikwa watu. Anaitwa Marselina.

Sijui madaktari watamwambia nini. Naandika mapema, Dkt. Beda anataka karatasi zikachapwe jioni hii, na simu bado haijaita. Huenda amewahi. Huenda siku zile zilizopita kati ya Mei na leo zilikuwa nyingi mno. Nimeangalia simu mara nyingi kuliko nilivyoandika mistari. Ninachojua ni kwamba yuko njiani, na hayuko peke yake.

Kwa hiyo Ijumaa, ndugu zangu, mkikuta kiti cha mgeni rasmi wetu ni kitupu, msimlaumu na msiahirishe. Mpigieni vigelegele hivyohivyo. Pilau yake tutaifunika. Zawadi ile kubwa iliyofungwa, ambayo siitaji asije akasoma, itamngoja ofisini.

Mama Imani, nakuandikia wewe sasa, utaisoma ukirudi. Wafanyakazi wenzako wote tunakushukuru. Umetufundisha kazi, umetufunika tulipochoka, umetusema mpaka chai ikapoa, na hatukuwahi kuondoka kwenye ile chai tukiwa wabaya kuliko tulivyokuja. Mungu akupe miaka mingi ya kuamka bila kengele, magoti yasiyouma, wajukuu wanaokuamkia bila kukumbushwa, na majirani wasiogonga mlango ila kwa habari njema. Ukitaka kwenda popote, nenda kwa gari. Pikipiki sasa basi.

Usitoke likizo tena kwa ajili yetu. Meza iko ndani, pazia lipo, na Aneth anaijua habari ya dada yako. Wa mapokezi atakayekuja baada ya Aneth, mimi mwenyewe nitamkalisha kwenye benchi asubuhi nzima kabla hajaushika ufunguo wa chumba kile.

Kapumzike, Mama. Benchi tunalikalia sisi.

Filomena Bonifas, mhudumu wa afya, kwa niaba ya wafanyakazi wote